Viatu vya Baridi vya Binti Yangu

Kazi yangu ilikuwa miguu ya watu. Wenzangu wa kanisani walipenda kuniita nesi, nami nilichoka kuwasahihisha. Nilikuwa msaidizi wa wagonjwa katika nyumba moja ya wazee pale Falls Church, mji mdogo wa Virginia, jirani na barabara ya Route 7, na sehemu kubwa ya kila shifti niliimaliza nikiwa nimepiga magoti mbele ya miguu ya mtu. Naiosha, naikausha katikati ya vidole, naipaka mafuta, naangalia rangi. Kidole kikigeuka rangi namwita nesi mwenyewe. Niliosha miguu ya waliokuwa wakubwa wa jeshi na ya waliokuwa wapishi, na soksi zikishavuliwa huwezi kujua nani ni nani. Nataja haya mapema ili ieleweke kwamba habari ya viatu haikunikuta nikiwa mgeni wa miguu. Ilinikuta nikiwa mjane, na akili ya mjane ni kitu kingine.

Mume wangu ndiye aliyeleta baiskeli nyumbani, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Kwetu, chini ya Mlima Elgon, baiskeli ni ya kubebea ndizi na mitungi ya maziwa, na mgonjwa akizidiwa. Mtu akipata gari, baiskeli anamwachia mdogo wake. Huyu wangu alifanya kinyume. Amefika Amerika, ana gari, ana kazi ya kompyuta ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka, kisha anakwenda kutafuta baiskeli ya matairi manene apande nayo mawe na mizizi msituni, bila mzigo wowote, na baridi ikiingia ndipo anazidi kufurahi. Kanisani walimcheka waziwazi. Mzee mmoja alimuuliza kama amefukuzwa kazi na anaona aibu kusema.

Mwenzake wa kupanda naye alikuwa Mmarekani Mweusi aliyesomea Kiswahili chuo kikuu, akafundishwa na Mtanzania, na alikizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Siku ya kwanza alipofika kwetu aliniambia, "Shikamoo, shemeji," nami nikamtazama mume wangu nijue kama ninataniwa, maana watu wa bara hatuamkiani hivyo, na mwenyewe alinizidi umri. Mimi na mume wangu tulichanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani ndani ya sentensi moja. Yeye alitusubiri tumalize, halafu akajibu taratibu, kila neno likiwa limepigwa pasi. Nilimpenda kwa hilo, ingawa nilimcheka sana nyuma ya mgongo wake.

Viatu vya baiskeli vya mume wangu vilikuwa vyeusi, vizito, vyenye soli ngumu isiyokunjika, na chini ya kila soli palikuwa na kipande cha chuma cha kunasa kwenye pedali. Ukitembea navyo ndani ya nyumba, chuma kinagonga. Kila Jumamosi jua likiwa juu nilisikia mlango, halafu ka, ka, ka, kutoka mlangoni mpaka kwenye friji. Mimi nikiwa chumbani nikaanza kumfokea kwamba ile sakafu si ya babake na siku ya kuhama tutaulizwa mikwaruzo. Hakuwahi kuvivua mlangoni hata mara moja. Alikunywa maji amesimama, akanijibu kwa kugongagonga kiatu makusudi.

Alikufa Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, juu ya baiskeli. Moyo. Hakuwa mzee, na kama alikuwa mgonjwa basi hakuna aliyejua. Rafiki yake aliniambia kwamba walikuwa wakipanda kilima kidogo ambacho walishakipanda mara nyingi, akasikia kitu kimeanguka nyuma yake. Alipogeuka akamkuta mume wangu amelala na baiskeli, mguu mmoja ukiwa bado umenaswa kwenye pedali. Ilibidi aunasue kwanza ndipo aanze kumkandamiza kifua. Hilo la mguu alinieleza siku moja tu, nami sikumwomba alirudie. Hospitalini walinikabidhi mfuko wa plastiki wenye nguo zilizokatwa kwa mkasi, saa, helmeti na viatu. Viatu havikukatwa, na vilikuwa bado na tope bichi.

Tulimpeleka nyumbani, kama watu wetu wanavyofanya, mimi na binti yetu tukisafiri ndege moja naye. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, ukoo hunyoa nywele na nguo za marehemu hugawanywa. Nguo zake nilikuwa nimezipakia karibu zote, na kila shati lilipata mwenyewe, hata tai zilipata watu ambao sijawahi kuwaona wamevaa tai. Viatu ni jambo lingine. Wazee wa kwetu wanashikilia kwamba mtu wa damu ya marehemu asivae viatu alivyofia, kwa sababu vinaijua njia aliyoiendea. Mama mkwe alingoja watu wapungue, akaniuliza mwanawe alikuwa amevaa viatu gani siku ile. Nikamwambia viko Amerika, kabatini. Akanishika mkono, akaniagiza nikifika nivizike au nimpe mtu asiye wa damu yetu, ilimradi visikae nyumba moja na mtoto.

Nilifika, na sikuvizika. Hebu niambiwe, mtu aishiye ghorofa ya pili pale Falls Church anazika wapi viatu? Kila kipande cha udongo kina maua ya mtu au bomba la gesi. Ndivyo nilivyomjibu mama mkwe kwenye simu, na ni kweli, lakini si hiyo iliyokuwa sababu. Sababu ni kwamba tope lake lilikuwa bado liko kwenye soli. Sikutaka kuachana na lile tope. Nilivitoa mfukoni, nikaviweka chini ya makoti katika kabati la mlangoni, ncha zikitazama ukuta, nikafunga mlango wa kabati polepole.

Mwaka uliofuata niliuishi nikisikiliza. Nikiwa naosha vyombo nafunga maji ghafla, nasikiliza. Jumamosi nilikataa shifti za mchana nikisema ninachoka, kumbe nilitaka niwepo nyumbani saa zile. Majirani wa juu wakiburuta kiti, nasimama katikati ya chumba. Watu wa kanisani waliokuja kutoka Woodbridge kuniombea walisema nimeanza kupata nafuu, maana nilikuwa natabasamu. Nilitabasamu kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu kwenye ngazi.

Halafu viatu vikaanza kusogea. Ilikuwa mwanzo wa vuli ya kule, mwezi wa tisa, shule zimefunguliwa. Nilifungua kabati kutafuta mwavuli nikaona ncha za viatu hazitazami ukuta tena, zinatazama mlango. Nikavigeuza. Baada ya siku kadhaa nilirudi nikakuta kamba za kiatu cha kushoto zimelegezwa, na ulimi wa kiatu umevutwa nje, kama mtu anayetaka kuingiza mguu. Tope la chini lilikuwa limepungua. Chembe zake zilikuwa kwenye zulia. Mimi ni Mkristo niliyebatizwa mtoni mbele ya watu. Nilipiga magoti palepale mbele ya kabati, na badala ya kukemea nikamwambia: njoo basi, ukitaka kuvivaa vaa.

Wakati huo binti yetu alikuwa na miaka kumi na minne. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, tangu akiwa darasa la pili. Baada ya mazishi hata Kiingereza chake kilipungua. Aliamka, akaenda shule, akarudi, akala, akafunga mlango wa chumba chake. Nilishukuru kwamba hanisumbui. Vuli ile alitoa baiskeli ya baba yake kwenye stoo ya chini, akashusha kiti, na akampigia simu mwenyewe yule rafiki wa baba yake, bila kuniuliza, kumwomba ampeleke msituni Jumamosi. Mwanamume yule alinipigia kwanza kuomba ruhusa. Nilisema ndiyo kwa sababu nilidhani baridi itamkatisha tamaa upesi.

Baridi ilikuja na haikumkatisha tamaa. Basi mimi, fundi wa miguu, nikamwandaa kwa baridi ya Amerika kama mama yangu alivyoniandaa mimi kwa umande wa mlimani. Nilimpaka mafuta ya mgando mpaka juu ya vifundo, nikamvalisha soksi juu ya soksi juu ya soksi, nikamwambia aingize mguu kwenye raba zake za shule. Mguu ukagoma. Nikasukuma kwa nguvu, nikafunga kamba mpaka kiatu kikakamata sawasawa. Juu yake nikamvika mfuko wa plastiki wa dukani. Alisema vinambana. Nikamwambia kubana ndiyo joto lenyewe.

Alirudi akitembea kama anayekanyaga miiba. Yule rafiki alikuwa amemshika kiwiko. Nilimkalisha, nikakata kamba kwa kisu kwa sababu hazikufunguka, nikavua soksi moja baada ya nyingine. Vidole vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu, vigumu kwa kugusa. Nilibonyeza kidole gumba, nikasubiri damu irudi, na damu ilichukua muda wake. Rangi ile naijua kutoka kazini. Niliijua pia kutoka hospitalini, siku ile, chini ya shuka, ambapo nilimwomba nesi anionyeshe miguu ya mume wangu kwa sababu sikuweza kuanza na uso.

Sikutumia maji ya moto. Hilo angalau nililijua. Nilichukua maji ya uvuguvugu, nikaiweka miguu yake ndani, nikaishika bila kusugua. Damu ilipoanza kurudi alilia kwa uchungu, kilio ambacho sikukisikia hata makaburini. Nilimwambia amemaliza, baiskeli inauzwa. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nikiiuza atakwenda kwa miguu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa na hofu moja tu tangu nizike: kwamba msitu ule utamchukua huyu naye. Sasa nikaona kuna njia mbili za kumpoteza, na nyingine inapitia mlango wa chumba chake.

Yule rafiki alibaki kunywa chai. Alijikunyata pembeni ya meza, akanieleza jambo la viatu kwa upole, akichagua maneno. Nilikuwa nimefanya yote kinyume. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu hupashwa joto na damu yenyewe. Kazi ya soksi ni kutunza joto hilo tu, tena zinahitaji hewa kidogo kuzizunguka. Kwa hiyo mtu wa baiskeli huchukua kiatu kikubwa kuliko mguu wake, soksi moja nyembamba, moja nene ya sufu, na nafasi ya kuchezesha vidole. Mafuta niliyompaka yaliziloweka soksi zikashindwa kazi. Plastiki nayo, kwa jinsi nilivyoifunga, ilizuia jasho kutoka, na jasho likaja kuwa barafu. Halafu kuna upepo, ambao kwenye baiskeli unakupiga vidoleni hata siku isiyo na upepo. Niliona haya. Kazini ningemfokea mtu yeyote aliyemfunga mzee mguu namna ile, lakini nyumba ya wazee ina joto la kuotesha mahindi, na hakuna mzee wangu hata mmoja aliyewahi kwenda popote.

Kisha akasema neno ambalo hakujua uzito wake. Alisema marehemu alijua sana mambo haya, ndiyo maana vile vyeusi alivinunua namba moja zaidi, vimfae majira ya baridi. Mume wangu alikuwa na miguu midogo kwa mwanamume, na binti yetu amechukua miguu yake. Kwa soksi za sufu, alisema, vingemkaa vizuri mno. Nilimuuliza kama katika vitabu vyake vya chuo walimfundisha viatu vya marehemu vinavaliwa na nani. Aliweka kikombe mezani. Halafu akaomba radhi, akainuka na kuosha kikombe chake mwenyewe. Mlango ulipofungwa nilikwenda kabatini nikahakikisha vipo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, nimelala asubuhi kwa mapazia yaliyofungwa. Nikasikia mlango wa kabati. Halafu nikasikia: ka, ka, ka, kutoka mlangoni mpaka kwenye friji.

Sitadanganya kwamba niliogopa. Sikuogopa hata kidogo. Nilitoka kitandani peku, nikapiga bega kwenye kizingiti, nikakimbia kile kiukumbi chote nikicheka, maneno ya sakafu yakiwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeshayaanza. Mtu alikuwa amesimama mbele ya friji, amevaa jaketi la mume wangu la mvua, lile nililolificha nisiligawe, amenipa mgongo, anakunywa maji. Akageuka. Alikuwa binti yangu.

Nilisimama. Nilimwambia neno moja, "Vua." Alikaa chini palepale sakafuni, akavua, akavipanga viatu kando ya ukuta kwa uangalifu, akasimama kwa soksi. Nilimuuliza ameanza lini kuvigusa. Alisema tangu shule zifunguliwe. Nikiwa kazini alivivaa akatembea kidogo, halafu akavirudisha. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine kabatini. Nilipaswa kumshukuru Mungu kwamba nyumba yangu haina mzimu. Badala yake nilijisikia nimefiwa upya, nikarudi kitandani nikajifunika blanketi mpaka kichwani, na sikusikia alitoka saa ngapi kwenda chumbani kwake.

Baada ya hapo tuliishi kama wapangaji wawili. Nilinunua kadi ya simu, nikampigia mama mkwe, nikamweleza yote nikitarajia anilaumu. Aliuliza tu kama mtoto ameshavivaa nje ya nyumba. Nikasema hapana, ndani tu. Akashusha pumzi kwenye simu, zikasikika mpaka Virginia. "Basi vitoe leo," akasema. "Na huyo mtoto mtafutie vyake. Yeye bado anatembea."

Nilimwita yule rafiki. Yeye hakuwa wa damu yetu, ingawa ndiye aliyekuwa naye mwisho. Nilimkabidhi viatu ndani ya taulo safi, mlangoni, na sikuzitazama soli. Alivipokea kwa mikono miwili. Aliniuliza kama anaruhusiwa kuvifukia pale alipoanguka mwenzake, ardhi ikilainika, na mpaka wakati huo akae navyo kwake. Alisema kwa Kiswahili chake kilekile kilichonyooka, lakini sauti haikunyooka. Nilimwambia anaruhusiwa. Kabati lilinuka makoti tu baada ya hapo, na kwa siku kadhaa sikuweza kulifungua.

Tulikwenda dukani, mimi na binti yangu, duka kubwa la vifaa vya michezo lililo kando ya Route 50. Nilikuwa nimebeba soksi zetu ndani ya mkoba, nyembamba na za sufu, kama nilivyoelekezwa, ili mguu upimwe ukiwa na mavazi yake kamili. Mhudumu, mama mmoja mcheshi, alituletea kwanza vifuniko vya mpira vya kuvalisha juu ya viatu vya kawaida. Vilipendeza. Nilivigeuza nikaona chini vimetobolewa nafasi ya chuma, nikauliza baridi haipiti hapo? Alikiri kwamba inapita kidogo. Kisha akaleta viatu vya baiskeli vya majira ya baridi hasa, virefu mpaka juu ya kifundo, vimeshonwa vizuri, vina manyoya ndani, na soli ngumu yenye mahali pa kufungia chuma. Binti yangu alivishika kwa muda mrefu. Nilimwona akipitisha kidole pale chuma kinapokaa. Nilimwambia hapana, na hakubisha. Alivirudisha kwenye boksi. Niliona kwamba hata kubisha ameona hakuna maana.

Tulichokubaliana ni buti za kawaida za kupandia milima, za kahawia, zisizopitisha maji, soli ya mpira laini yenye meno. Kwa hizo angebadilishiwa pedali, awekewe pana zenye vijino vya kushika soli, na mguu wake usinaswe na kitu chochote. Akitaka kuuondoa anauondoa. Hilo ndilo nililolitaka kuliko joto. Nilipiga magoti kwenye zulia la duka kama niko kazini. Nilimvalisha soksi ya kwanza, nikanyoosha mkunjo wa kisigino, nikamvalisha ya pili. Namba yake ikawa ndogo. Namba ya juu yake ikakaa, lakini nilipobonyeza mbele ya kidole gumba sikupata nafasi ya kidole changu, nikamwomba mhudumu atuletee moja zaidi. Akaenda stoo.

Tulibaki wawili. Mguu wake ulikuwa mikononi mwangu, ndani ya soksi mbili, una joto. Nilikuwa nikiongea bila kupumzika, kwamba kamba zisikazwe juu ya mguu kwa sababu mshipa unapita hapo, kwamba akirudi atoe soli ya ndani ikauke. Akanikatisha. Alisema kwa Kiswahili, akitafuta kila neno lilipo, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho aliniambia sentensi nzima kwa Kiswahili.

"Siku ile ulikimbia, mum. Ulikuwa na furaha sana. Halafu ukaona ni mimi."

Nilitaka kusema si hivyo. Ilikuwa hivyo. Alikuwa ameuona uso wangu pale jikoni, ulivyokuja na ulivyozimika, na tangu siku hiyo alikuwa amekaa nao chumbani mwake peke yake. Nilitaka pia kusema kwamba nampenda, lakini neno hilo kwa lugha yetu halisemwi hivihivi, na kwa Kiingereza lilikuwa limechakaa mdomoni mwangu kwa kuwaambia wazee kazini. Nilishika mguu. Mhudumu alirudi na boksi, nami nikavuta kiatu, nikamvalisha, nikabonyeza mbele, nafasi ikawepo. Nilimuuliza kama vidole vinacheza. Alisema vinacheza, kwa Kiingereza.

Jumamosi ile nilikwenda msituni kumsubiri. Tangu mume wangu aanze baiskeli zake sikuwahi kukanyaga pale, na baada ya kifo chake nilikuwa nazunguka mbali kwa gari nisipaone. Ni uwanja mdogo wa kuegesha magari, miti myembamba isiyo na majani, na nyuma ya miti unasikia magari ya barabara kuu ya Beltway yakiunguruma. Tope lilikuwa limeganda na alama za matairi ndani yake. Nilisimama na viatu vyangu vyeupe vya kazini, ambavyo havifai theluji wala tope, na baridi ilinipanda kuanzia vidoleni. Njia wanayotokea wapanda baiskeli ilikuwa na giza kidogo, hata mchana. Nilihesabu dakika mpaka nikaacha kuhesabu, nikawa naomba.

Wa kwanza kutokea alikuwa mwanamume mwenye mabega ya mume wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, helmeti nyeusi, na alishuka kwenye baiskeli kama yeye alivyokuwa akishuka, akitupa mguu mmoja nyuma. Mwili wangu wote ulimwendea. Niliushika mlango wa gari, nikaushikilia, mpaka akafunua uso na kuwa mtu fulani tu, Mzungu, akanipungia mkono kwa adabu.

Baadaye yule rafiki yetu akatokea. Kisha pakawa kimya, njia ikawa tupu, na nilifikiri juu ya kile kilima.

Halafu akaja mtu mwembamba, mwisho wa wote, tope mpaka kidevuni, viwiko vimetanuka nje kwa namna ambayo baba yake hakuwa nayo, wala mimi sina. Ni yake mwenyewe. Alisimama pale njia inapoishia, akaweka buti moja chini, akaniona. Hakunipungia. Alingoja. Ardhi ilikuwa barafu tupu kati yetu, na nilijua nitateleza, na kweli niliteleza. Lakini nilimtazama kwanza, nikahakikisha kabisa kwamba ni yeye, ndipo nikakimbia.